Mchuzi wa mtindi hauhitaji unga

Ukitafuta leo namna ya kupika mchuzi wa mtindi wa Kusini mwa India, maelekezo mengi utakayoyapata yatakupeleka kwenye unga kabla hujafika kwenye moto. Koroga mtindi na vijiko viwili vya unga wa dengu, au wa mahindi kama dengu hakuna, chemsha mpaka uwe mzito, kisha mwagia mafuta yaliyokaangiwa viungo. Sababu inayotolewa ni moja: bila unga mtindi utakatika, na sufuriani utabakiwa na maji ya njano yenye chenga nyeupe. Hofu hiyo ina msingi, maana mtindi uliowekwa kwenye moto mkali hukatika kweli. Hata hivyo, kwa mchuzi mwepesi kuliko yote ya jamii hii, ule ambao watu wa Kerala huuita moru kachiyathu na kuupika siku yoyote ile ya kawaida, unga hauna kazi, nazi haina kazi, na kuchemsha ni kosa. Unataka mtindi uliochacha sawasawa, moto mdogo, na mkono usiobanduka kwenye mwiko kwa dakika chache. Anayekimbilia unga anaukwepa ujuzi wenyewe wa mapishi haya, na anachopakua mezani ni chakula kingine.

Kerala ni ukanda mwembamba wa pwani ya kusini-magharibi mwa India, kati ya milima ya Western Ghats na Bahari ya Uarabuni. Ni nchi ya minazi, pilipili manga na mvua nyingi. Chakula cha mchana huko ni wali, mara nyingi wa mchele mwekundu wa matta wenye punje nene, na pembeni yake vitoweo vidogo viwili au vitatu. Mchuzi wa mtindi ni kimojawapo: unalowanisha wali na kupoza kinywa baada ya samaki wa kukaanga au achari kali. Viungo vyake ni vichache. Kuna mtindi, manjano, pilipili mbichi, tangawizi, vitunguu maji vidogo na chumvi. Kuna mafuta ya nazi, na ndani ya mafuta hayo punje za haradali, punje chache za uwatu, pilipili kavu na majani ya mvuje. Basi. Unao ndugu wenye hadhi kubwa zaidi. Pulissery hutiwa nazi iliyosagwa na bizari nyembamba, na humo hupikwa embe mbivu au nanasi. Kalan, unaopikwa na ndizi mbichi na viazi vikuu pamoja na pilipili manga, hukaushwa mpaka ukawa mzito kiasi cha kuweza kukaa siku kadhaa bila friji, na karamu ya sikukuu ya Onam haikamiliki bila huo. Moru kachiyathu hauna cheo kama hicho. Ni chakula cha nyumbani, cha siku ambayo sokoni hakukuendwa, na kwa kuwa umevuliwa kila kitu cha ziada, hauna mahali pa kuficha kosa la mpishi.

Msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala aliyewahi kula kwa majirani zake Wahindi ana haki ya kupinga hapo hapo. Kadhi aliyoionja ina unga wa dengu, na hakuna aliyewahi kuwaambia wale akina mama kwamba wanakosea. Ni kweli, na hawakosei. Familia nyingi za asili ya Kihindi za Afrika Mashariki zilitoka Gujarat, Kutch na Punjab, mbali sana na Kerala, na kadhi yao ilikusudiwa kuwa na unga tangu mwanzo. Ile ya Gujarat ni nyepesi na ina utamu kidogo wa sukari au sukari guru. Ile ya Punjab ni nzito, hutokota kwa muda mrefu na ndani yake huogelea bajia. Chakula kinachotakiwa kutokota hivyo hakina budi kuwa na kitu cha kuushika mtindi, na unga wa dengu nao hauna budi kutokota ili uache ubichi wake. Viwili hivyo vinahitajiana. Hata kusini kwenyewe wapo wanaotumia nafaka: Watamil katika mor kuzhambu husaga dengu na mchele uliolowekwa pamoja na nazi, giligilani na bizari nyembamba, na huko Andhra unga wa dengu si mgeni kwenye mchuzi wa namna hii. Siwabishii hata mmoja wao. Ninachokataa ni kuichukua kanuni ya chakula kinachotokota na kuibandika kwenye chakula ambacho uzuri wake wote umo katika kutotokota, halafu kuita hivyo urahisishaji kwa ajili ya mpishi wa nyumbani.

Kinachotokea sufuriani kinaeleweka vizuri, na anayekielewa haogopi tena. Maziwa freshi yana kipimo cha uchachu, yaani pH, cha karibu 6.7. Bakteria wa mtindi hula sukari iliyomo kwenye maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Kipimo kinaposhuka kuelekea 4.6, chembe za kaseini, ambayo ndiyo protini kuu ya maziwa, huacha kusukumana, hushikana, na maziwa huganda. Mtindi basi ni wavu laini wa protini ulioyashikilia maji ndani yake. Joto huukaza wavu huo. Likipanda taratibu huku mwiko ukizunguka, nyuzi hukatika vipande vidogo sana ambavyo ulimi hauvihisi, maji hubaki yamechanganyika, na mchuzi huwa laini kama ulivyomiminwa. Likipanda ghafla, au mwiko ukisimama, sehemu iliyogusa chini ya sufuria hujikaza peke yake, hukamua maji yake yote na kufanya chenga, na chenga zikishafanyika hakuna kukoroga kunakozirudisha. Unga husaidia kwa sababu wanga wake ukipata moto huvimba, hunywa yale maji yanayokamuliwa na kujipenyeza kati ya vipande vya protini visipate kushikana. Ni kazi ya kweli. Ila kazi hiyo hiyo inaweza kufanywa na mambo ambayo tayari yako mkononi mwa mpishi: kuzimua mtindi kwa maji ili protini zikae mbalimbali, kuupiga usiwe na mabonge, kutumia mtindi wenye mafuta yake badala ya ule uliotolewa mafuta yote, na kuitoa sufuria jikoni mapema.

Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, kwa hiyo nilieleze kwa kituo. Chukua vikombe viwili vya mtindi na kikombe kimoja cha maji, tia manjano nusu kijiko cha chai na chumvi, upige kwa uma au mchapo wa mayai mpaka hakuna bonge hata moja, na uuache mezani upoteze baridi ya friji. Bandika sufuria nzito au chungu, tia kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi. Yakipata moto tia nusu kijiko cha chai cha haradali na usubiri punje zipasuke zote, kwa sababu haradali ambayo haikupasuka ni chungu na haina harufu. Hapo ndipo unatia uwatu, si zaidi ya robo kijiko, na usiutoe macho: rangi ya dhahabu inatosha, ukifika kahawia iliyoiva utauharibu mchuzi mzima kwa uchungu. Fuatisha pilipili kavu mbili, kichane cha majani ya mvuje, vitunguu vidogo vitano au sita vilivyokatwakatwa, kipande cha tangawizi na pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa. Vitunguu vikilainika, ondoa sufuria kwenye moto kabisa. Wapishi wengi hupitiwa hapa. Mafuta yaliyopasua haradali yana joto kubwa mno kwa mtindi, na ukiumimina papo hapo utakuwa umeshaukata kabla hujaanza kuupika. Ngoja sufuria itulie dakika mbili tatu, mimina mtindi, koroga, ndipo uirudishe kwenye moto mdogo kuliko wote ulio nao. Kuanzia hapo mwiko hausimami. Baada ya dakika tano hivi mvuke utaanza kupanda, rangi ya manjano itakolea, na povu jembamba litajikusanya ukingoni mwa sufuria. Ukilitia kidole unalisikia ni la moto lakini haliunguzi papo hapo. Zima. Endelea kukoroga dakika mbili zaidi, kwa sababu sufuria nzito ina moto wake uliobaki, na usifunike mpaka upoe, la sivyo joto litafungiwa humo humo na kuumaliza mchuzi wakati umeshageuka kuosha vyombo.

Kuna watakaosema kwamba huo ni usumbufu, na kwamba kijiko cha unga kinamwachia mama mwenye watoto na kazi nafasi ya kuendelea na mambo mengine jikoni. Nauheshimu mzigo wa anayepika baada ya kazi ya kutwa, lakini hesabu haimsaidii anayetetea unga. Mchuzi wenye unga hutaka kutokota ili unga uive, nao pia usipokorogwa hushika chini. Mchuzi usio na unga unamalizika mapema zaidi, tangu mafuta mpaka kuzima jiko. Unachodai ni umakini wa dakika chache mfululizo.

Jambo la pili ambalo maelekezo ya siku hizi hulipita haraka ni uchachu, na kwangu lina uzito kuliko hata moto. Kiasili mchuzi huu ulitokana na kilichobaki. Maziwa yaligandishwa, yakasukwa, siagi ikatolewa ikawa samli, na maji meupe machachu yaliyosalia ndiyo yaliyopikwa. Yalikuwa mepesi tayari na makali tayari. Hali hiyo ilibadilika India ilipojenga mfumo wake mkubwa wa maziwa. Mpango ulioitwa Operation Flood ulianza mwaka 1970 chini ya Verghese Kurien, mtu aliyezaliwa Kozhikode, huko huko Kerala, mwaka 1921, ingawa jina lake alilijenga Gujarat kwenye ushirika wa Amul. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 India ilikuwa inaongoza duniani kwa kuzalisha maziwa, na Kerala yenyewe ilikuwa na shirikisho lake la vyama vya ushirika, Milma, tangu mwaka 1980. Hayo ni mafanikio makubwa ambayo wafugaji wadogo wa nchi yoyote wangeyatamani. Lakini kwa jikoni maana yake ni kwamba familia nyingi za mjini hazisuki maziwa tena. Hununua maziwa ya pakiti au mtindi ulioganda, nao ni mzito na mpole. Mchuzi uliobuniwa kwa kitu chepesi na kikali sasa unapikwa kwa kitu kizito na kipole, na dawa yake ni rahisi: maji kwa uzito, muda kwa upole. Uache mtindi nje ya friji usiku mmoja mpaka ukupige puani. Mtindi uliopoa ladha utatoa mchuzi unaofanana na maziwa ya manjano, na mpishi akionja na kuona umepwaya atautia limau, au nyanya, au ule unga wa kari wa kopo, na safari ya kupotea itakuwa imeanza.

Katika jambo hili mpishi wa Afrika Mashariki ana bahati kuliko anavyodhani. Mtindi unaouzwa kwenye maduka ya maziwa ya Tanzania na maziwa lala ya Kenya ni vyepesi na vichachu kwa asili yake, na viko karibu na moru, yale maji meupe machachu ya Kerala, kuliko yale makopo ya yogati yenye sukari, ladha ya vanila na wanga wa kuyafanya yasimame wima kwenye kijiko. Viungo vyote vingine vinapatikana kwenye masoko ya Kariakoo, Marikiti au Darajani. Majani ya mvuje yakikosekana, usitie jani jingine kujaza nafasi. Upike bila hayo na ukubali kwamba harufu moja imepungua.

Lipo pingamizi la afya, na linakuja kutoka pande mbili zinazopingana. Upande mmoja unasema kwamba kupasha mtindi moto kunaua bakteria wenye manufaa, kwa hiyo ni heri kuunywa ulivyo. Wengi wao hufa kweli, na anayewataka hai anywe mtindi wake glasi moja pembeni. Mchuzi huu hauna haja ya kudaiwa kuwa dawa ndipo upikwe. Sehemu ya sukari ya maziwa hata hivyo huwa imeshaliwa kabla ya kufika jikoni, na hilo ni la maana kwa watu wazima wengi, wa Kusini mwa India na wa kwetu, ambao matumbo yao hayaelewani na maziwa freshi. Upande wa pili unasema kinyume chake: kwamba kutochemsha ni hatari, kwa kuwa maziwa yanaweza kubeba vijidudu vya brusela au kifua kikuu cha ng'ombe. Hofu hii naichukulia kwa uzito wote, na jibu lake lipo katika namna nyumba za Kerala zinavyogandisha maziwa. Kwanza maziwa huchemshwa mpaka yapande, yakapoa yakawa vuguvugu, ndipo hutiwa kijiko cha mtindi wa jana na kuachwa mpaka asubuhi. Usalama huwekwa mwanzoni, kwenye maziwa. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa usipikwe hivi, na wala usinywewe, kwa sababu uchachu peke yake si ulinzi wa kutegemewa.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni la kihistoria. Mapishi hubadilika, mtu atasema. Pilipili hoho na mbuzi na zote kali za leo hazikuwapo India kabla ya Wareno. Vasco da Gama alipata rubani Malindi mwezi Aprili 1498, akavuka bahari na kufika karibu na Kozhikode mwezi Mei, na ni kwa njia hiyo iliyofunguliwa kwamba mmea wa pilipili kutoka Amerika uliingia Malabar katika karne iliyofuata. Kama mgeni huyo amepokelewa mpaka watu wamesahau kuwa ni mgeni, kwa nini unga ukataliwe? Najibu kwamba mabadiliko yapimwe kwa kinachoongezeka kinywani. Pilipili ilikuta nchi ya pilipili manga, ikaongeza ukali wa aina nyingine, na kalan mpaka leo bado unashikilia ule wa zamani. Unga haukuongeza ladha. Wanga hufunika ladha, hupunguza makali ya uchachu na kuacha utando ulimini, na kwa kujua hilo waandishi wa maelekezo huongeza viungo maradufu ili mchuzi usikike. Kwa upande wa umri, kupika mtindi kwa namna hii si jambo la jana. Katika mkusanyiko wa mashairi ya kale ya Kitamil uitwao Kuruntokai, unaohesabiwa kuwa wa takriban miaka elfu mbili iliyopita, shairi la 167 linamhusu mke kijana anayevuruga mtindi kwa vidole na kumpikia mumewe mchuzi mchachu, moshi wa viungo vinavyokaangwa ukimwingia machoni. Mtindi mzito, uchachu na viungo kwenye mafuta: mambo haya yalikuwa yameshakutana sufuriani kabla pilipili haijavuka Atlantiki.

Nakubali kwamba yako mazingira ambayo unga hauepukiki. Hoteli inayoweka mchuzi kwenye jiko la mvuke kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri haiwezi kuuza moru kachiyathu. Utakatika kabla wateja wa mchana hawajaketi. Mpishi wa shughuli ya watu mia tatu naye hawezi kusimama na mwiko juu ya sufuria moja. Wao wapike pulissery, ambayo nazi yake inaushika mtindi na kuleta ladha yake yenyewe, au wapike kadhi. Nyumbani hatuna kisingizio hicho. Na mchuzi ukibaki mpaka kesho yake, usirudishe sufuria nzima motoni. Chota kiasi cha mlo mmoja kwenye bakuli, bakuli ulikalishe ndani ya maji ya moto huku ukikoroga mpaka upate uvuguvugu, au uumimine ulivyo juu ya wali unaotoa mvuke.